Ernst May kabla ya Kampala: kanuni na kazi za mwanzo za msanifu wa Frankfurt Mpya

Msomaji mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa usanifu majengo mjini Kampala, ameniuliza hivi: "Mwalimu wetu anasema jengo la Makumbusho ya Uganda lilisanifiwa na Ernst May, na kwamba Mjerumani huyo ni mmoja wa waasisi wa usanifu wa kisasa. Mimi nimelizunguka jengo lile mara nyingi, nami naona jengo la heshima lakini la kawaida. Je, alisimamia kanuni gani, na kazi zake za mwanzo ni zipi, hata ahesabiwe miongoni mwa waasisi?"

Ndugu msomaji, mwalimu wako hakukosea, wala macho yako hayakukudanganya. Jengo hilo la makumbusho, lililoko Kitante na lililokamilika mwaka 1954, ni kazi ya mtu aliyekuwa ameshapindukia miaka sitini na mitano, na aliyoyaanzisha alikuwa ameyaanzisha robo karne nyuma, katika mji wa mbali. Zaidi ya hayo, uasisi wa May haukai usoni mwa jengo lolote moja. Wasanifu wenzake wa rika lake, kina Le Corbusier na Mies van der Rohe, unaweza kuwafahamu kwa picha moja nzuri ya nyumba ya tajiri. May hafahamiki kwa njia hiyo, kwa sababu swali lililomshughulisha lilikuwa jingine: mji unapataje maelfu ya nyumba nzuri, kwa haraka, kwa watu ambao hawana uwezo wa kumwajiri msanifu? Ukilishika swali hilo, kanuni zake zote zitajipanga zenyewe.

Alizaliwa Frankfurt am Main tarehe 27 Julai 1886, baba yake akiwa na kiwanda cha bidhaa za ngozi. Alisoma kwa muda London, kisha Darmstadt na Munich, lakini chuo chake halisi kilikuwa ofisi ya Raymond Unwin, msanifu na mpangaji miji wa Kiingereza, ambako alifanya kazi kati ya mwaka 1910 na 1912, wakati Unwin alipokuwa akiujenga mtaa wa Hampstead Garden Suburb mjini London. Unwin alikuwa mfuasi wa fikra za mji-bustani: kwamba mji uliojaa usiachwe utambae ovyo mashambani kama maji yaliyomwagika, bali ugawiwe vitongoji vyenye ukubwa unaojulikana, kila kimoja na bustani zake, na kati ya kitongoji na mji pabaki ukanda wa kijani. Kwa Unwin, May alijifunza pia kutazama mwinuko wa ardhi kabla ya kuchora barabara, na kuipa nyumba jua kabla ya kuipa pambo. Wengi wanaoandika juu ya usanifu wa kisasa hurukia moja kwa moja kwenye zege na paa bapa, wakasahau kwamba mmoja wa mafundi wake wakubwa aliingia kupitia bustani za Waingereza zenye nyumba za vigae na madirisha madogo.

Kazi ya kwanza iliyomkomaza haikuwa Frankfurt bali Silesia, eneo ambalo wakati huo lilikuwa mashariki mwa Ujerumani na leo sehemu yake kubwa iko Poland. Kuanzia mwaka 1919 aliongoza shirika la umma la makazi ya vijijini lililokuwa na makao yake Breslau, mji ambao leo unaitwa Wrocław. Vita vilikuwa vimekwisha, vifaa vya ujenzi havikupatikana, fedha ilipoteza thamani kila wiki, na baada ya Silesia ya Juu kugawanywa kati ya Ujerumani na Poland wakimbizi walimiminika wakihitaji pa kulala. Ukiziona picha za nyumba alizojenga huko, hutaamini kwamba ni za mtu yuleyule: ndogo, zenye mapaa yenye mteremko mkali yanayoshuka karibu kugusa ardhi, kama nyumba za wakulima wa huko. Lakini chungulia ndani ya michoro, utaona jambo jipya. Nyumba hazikuchorwa moja moja. Kulikuwa na aina chache zilizokwisha kupimwa na kurekebishwa, zenye dirisha lilelile, mlango uleule na ngazi ileile, ili seremala atengeneze mia badala ya mmoja. Uhaba ndio uliomfundisha usanifu wa mfululizo, na mafunzo hayo yalitangulia ule mwonekano mweupe wa pembe kali ambao baadaye ungekuja kuitwa wa kisasa. Kwa mpango wa upanuzi wa Breslau, mwaka 1921, alipendekeza pia mji uzungukwe na vitongoji vinavyojitegemea, vikiuzunguka kama miezi inavyoizunguka sayari.

Mwaka 1925 meya wa Frankfurt, Ludwig Landmann, alimwita arudi nyumbani kusimamia ujenzi na mipango ya mji mzima. Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu vitabu vyenye picha nyingi hupapita haraka. May hakupewa kiwanja akaambiwa achore. Alipewa mamlaka juu ya mipango miji, majengo ya umma, makazi na bustani kwa pamoja, na nyuma ya mamlaka hayo kulikuwa na ardhi na fedha.

Ardhi ilitokana na historia ya Frankfurt yenyewe. Tangu mwaka 1902 sheria iliyopewa jina la meya wa zamani, Franz Adickes, iliuruhusu mji kuyakusanya mashamba madogo yaliyotawanyika, kuyapima upya, kuchukua sehemu kwa ajili ya barabara, na kuwarudishia wenyewe viwanja vilivyonyooka. Mji ulikuwa pia na mazoea ya kununua ardhi mapema, kabla ya walanguzi. Fedha ilitoka katika kodi ya aina yake iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 1924. Mfumuko wa bei wa mwaka 1923 ulikuwa umewafutia wenye nyumba madeni yao: mtu aliyekopa fedha nyingi kabla ya vita kwa rehani ya jengo lake alijikuta anaweza kulipa deni lote kwa bei ya mkate. Serikali ikaona kwamba faida hiyo haikutokana na jasho lao, ikawatoza kodi wenye majengo ya zamani, na sehemu ya mapato ikageuzwa mikopo ya riba ndogo ya kujengea nyumba mpya. Bila sheria ya ardhi na kodi hiyo, jina la May lingebaki katika tanbihi.

Kwa nyenzo hizo, katika muda wa miaka mitano, Frankfurt ilijenga nyumba kati ya 12,000 na 15,000, kutegemea unahesabu miradi ipi. Yeye na wenzake waliuita mpango wote Frankfurt Mpya, wakachapisha na gazeti lenye jina hilo, Das Neue Frankfurt, kuanzia mwaka 1926, wakieleza kila kitu kuanzia ramani za vitongoji hadi vitasa vya milango. Nasema wenzake kwa makusudi. Carl-Hermann Rudloff alichora naye mitaa kadhaa, Herbert Boehm alitoka naye Breslau na kushika mipango miji, Leberecht Migge alishughulikia bustani, Ferdinand Kramer samani na vifaa, Hans Leistikow rangi na maandishi. Ukimsifu May peke yake unaipunguza kazi yake, kwa kuwa kipaji chake kikubwa kilikuwa kuwakusanya watu hawa chini ya lengo moja na kuwalinda dhidi ya baraza la mji.

Mtaa wa kwanza uliompatia jina ni ule wa Bruchfeldstrasse, katika kitongoji cha Niederrad, wa mwaka 1926 hadi 1927. Majengo yake hayakusimama katika mstari mmoja kando ya barabara. Kila sehemu ilisukumwa mbele kidogo kwa mshazari kama meno ya msumeno, ili kila makazi yapate jua na asiwepo mpangaji anayeishi katika kivuli cha jirani. Wenyeji wakaubandika jina la utani, Zickzackhausen, yaani kijiji cha pindapinda. Hapo unaiona kanuni yake ya kwanza ikiwa wazi: umbo la jengo ni jawabu la hesabu ya mwanga.

Lakini kazi iliyo bora kuliko zote, kwa maoni yangu, ni Römerstadt, iliyojengwa kati ya mwaka 1927 na 1929 juu ya bonde la mto Nidda, mahali palipokuwa na mji wa Warumi wa kale, ndipo likatoka jina hilo. Kuna nyumba takriban 1,200. Nusu moja ya mtaa ina barabara zinazopinda kwa upole zikifuata mwinuko wa ardhi, na nusu nyingine ina barabara zilizonyooka. Upande wa bondeni kuna ukuta mrefu wa kuzuia udongo, na kila mahali njia ya watembea kwa miguu inapoufikia, ukuta hujitokeza kama buruji la ngome, ukawa baraza la kusimama na kutazama bustani za mboga zilizo chini na mto ng'ambo yake. Simama hapo ndipo utatambua kwamba mwanafunzi wa Unwin hakumsahau mwalimu wake: mapaa ni bapa na kuta ni laini, lakini jinsi mtaa unavyoketi juu ya ardhi ni somo la mji-bustani lililosemwa kwa lafudhi mpya. Nyumba zote zilitumia umeme hata kwa kupikia, jambo lililokuwa geni sana wakati huo, na kila familia katika nyumba za safu ilikuwa na kipande cha bustani nyuma ya mlango. Bustani haikuwa pambo. Migge aliipanga kama chanzo cha chakula.

Juu ya mapaa bapa niongeze neno. Ugomvi wake ulikuwa mkubwa. Wapinzani waliyaita ya kigeni, yasiyo ya Kijerumani, na kwa mtaa wa maonyesho wa Weissenhof mjini Stuttgart ilichapishwa hata kadi ya posta iliyochomekewa Waarabu na ngamia kati ya nyumba, ili watu wacheke. Msomaji aliyekulia Lamu, ambako nyumba za mawe zimekuwa na mapaa bapa kwa karne nyingi, atashangaa kwamba paa lilelile liliweza kuwa tusi. Kwa May hoja ilikuwa ya kawaida kabisa: paa bapa linakupa chumba kamili badala ya dari lenye pembe zisizotumika, na linakupa mahali pa kuanika nguo au kuota jua.

Praunheim, mtaa wa jirani wa nyumba zaidi ya 1,400 uliojengwa kwa awamu kuanzia mwaka 1926, ndiko alikofanyia jaribio lake la kiwanda. Badala ya kufyatua na kupanga matofali, kuta zilitengenezwa kwanza kama mabamba makubwa ya zege jepesi lenye kokoto za volkano, yenye urefu wa mita 3, kimo cha mita 1.10 na unene wa sentimita 20, yakaletwa kwenye kiwanja na kuinuliwa kwa kreni. Jaribio hili hutajwa kwa sifa nyingi. Mimi nashauri kiasi: muda wa kusimamisha kuta ulipungua sana, lakini gharama ya nyumba nzima haikushuka kama ilivyotarajiwa, kwa kuwa ukuta ni sehemu moja tu ya bei ya nyumba. Ardhi, mabomba, ngazi, riba ya mkopo, hivyo vyote havikujali kama ukuta ni bamba au tofali.

Jiko lilifanikiwa zaidi. Margarete Schütte-Lihotzky, msanifu kutoka Vienna aliyezaliwa mwaka 1897, aliitwa na May ajiunge na ofisi mwaka 1926, na humo akachora kile kinachojulikana duniani kama jiko la Frankfurt. Chumba kilikuwa na upana wa takriban mita 1.9 na urefu wa mita 3.4, basi. Alichunguza jikoni za mabehewa ya chakula ya reli, ambamo watu wachache huwapikia wengi katika nafasi finyu, akapima hatua ambazo mpishi hupiga kutoka sinki hadi meza na kutoka meza hadi jiko la moto. Meza ya kukatia iliwekwa chini ya dirisha, na mbele yake kigoda cha kuzunguka. Ubao wa kupigia pasi ulikunjwa ukutani. Sukari na mchele vilikuwa na visanduku vyao vya alumini vyenye mpini na mdomo wa kumiminia. Mlango wa kuteleza ulimwezesha mama kuwaona watoto sebuleni. Makabati yalipakwa rangi ya buluu iliyochanganyika na kijani, kwa imani kwamba nzi huiepuka. Jiko lote lilitengenezwa kiwandani na kuingizwa katika nyumba zipatazo 10,000, gharama yake ikijumlishwa katika kodi ya pango. Schütte-Lihotzky mwenyewe alikiri kwamba kabla ya kulichora hakuwa mpishi, na uzeeni alichoka kuulizwa juu ya jiko tu ilhali alikuwa amejenga mengi. Wapo pia waliolalamika, nao walikuwa na haki, kwamba jiko la mtu mmoja lilimfungia mwanamke peke yake kazini. Hata hivyo, ukifungua leo kabati la jikoni lililofungwa ukutani katika nyumba ya mjini popote duniani, unafungua wazo lililopitia Frankfurt.

Katika jiko hilo imo kanuni iliyo kiini cha yote, nayo ndiyo iliyojadiliwa tarehe 24 hadi 26 Oktoba 1929, pale wasanifu wa kisasa kutoka nchi mbalimbali walipofanya mkutano wao wa pili wa kimataifa Frankfurt kwa mwaliko wa May. Mada ilikuwa makazi ya kima cha chini cha kuishi. Hawakuuliza ni kiasi gani cha umaskini mtu anaweza kuvumilia. Waliuliza ni kiasi gani cha hewa, jua, nafasi na faragha ambacho mtu yeyote asikose hata akiwa na mshahara mdogo, kisha wakataka kima hicho kiwe haki na kiwe kipimo cha kiwandani. May aliona ni afadhali familia nyingi zipate nyumba ndogo iliyofikiriwa vizuri kuliko chache zipate kubwa na nyingine zibaki katika vyumba vya kupanga na wageni. Siku ileile mkutano ulipofunguliwa, soko la hisa la New York lilianza kuporomoka. Mikopo ikakauka, na ndoto ya Frankfurt ikaanza kufa wakati inapigiwa makofi.

Matokeo yake yanaonekana Westhausen, mtaa wa mwisho, wa mwaka 1929 hadi 1931. Fedha zilikuwa zimepungua, na hesabu ikashinda kila kitu: safu za nyumba zimenyooka moja baada ya nyingine, zimeipa barabara ubavu, upande mmoja ukipokea jua la asubuhi na mwingine la jioni. Hakuna tena buruji wala barabara inayopinda. Wapo wanaouona mtaa huu kuwa usawa uliokamilika. Mimi, nikiulinganisha na Römerstadt, naona kanuni ya jua ikiwa imebaki peke yake baada ya mwenzake, yaani kuisikiliza ardhi, kuachwa nyuma. Na hata kwa ubanaji huo wote, kodi ya pango katika mitaa mingi ilikuwa juu ya uwezo wa kibarua. Waliohamia walikuwa hasa makarani, walimu na mafundi wenye ujuzi. May alilijua hilo, na liliwapa silaha wapinzani wake wa kulia na wa kushoto.

Oktoba 1930 aliondoka na kundi la wenzake, Schütte-Lihotzky akiwemo, kwenda Urusi ya Kisovieti kupanga miji ya viwanda kama Magnitogorsk. Alipoachana na Wasovieti mwaka 1933, Hitler alikuwa ameshashika madaraka, na May, mwenye asili ya Kiyahudi, hakuwa na pa kurudi. Ndivyo alivyofika Tanganyika mwaka 1934 akiwa mkulima karibu na Arusha, kisha Nairobi mwaka 1937 kama msanifu tena. Wakati wa vita Waingereza walimweka kizuizini kwa kuwa ni Mjerumani. Alirudi Ujerumani miaka ya 1950, akafariki Hamburg mwaka 1970.

Sasa turudi kwenye makumbusho yako. Usitafute humo kuta za Römerstadt. Kanuni ya kwanza ya May, kwamba umbo ni jawabu la hesabu ya mwanga, inapohamia karibu na ikweta hutoa jawabu lililo kinyume. Frankfurt nyumba hulikimbilia jua. Afrika ya Mashariki hulikimbia. Ndiyo maana Oceanic Hotel aliyoichora kwa ajili ya Mombasa ilijipinda kuufuata upepo wa bahari, na ndiyo maana katika kumbi za Kitante ungeanza kutazama juu, mwanga na hewa vinapoingilia, kabla ya kutazama uso wa jengo. Chukua mchoro unaolionyesha jengo kana kwamba limekatwa wima, usichukue picha ya mbele.

Kanuni ya pili, ile ya kima cha chini, ilisafiri vibaya. Katika mpango wa upanuzi wa Kampala aliouandaa kati ya mwaka 1945 na 1947 kwa ajili ya vilima vya Kololo na Naguru, alizungumza tena juu ya vitongoji, mikanda ya kijani na kufuata vilima, na mwinuko wa Kampala ulimfaa kuliko hata bonde la Nidda. Lakini makazi yaligawanywa kwa rangi ya watu, kama serikali ya kikoloni ilivyotaka, na May aliuandika mgawanyo huo kwa sauti ya mlezi anayemsubiri mtoto akue. Katika miaka hiyohiyo alibuni nyumba ya Waafrika ya mabamba ya zege yanayotundikwa juu ya matao, umbo lake likiwa kama la kibanda. Ufundi ulikuwa uleule wa Praunheim. Kilichobadilika ni nani anayepanga kima: Frankfurt kilipimwa kwa mahitaji ya mwili wa binadamu yeyote, na Kampala kilipimwa kwanza kwa rangi ya mkaaji. Nakushauri uende Naguru na ramani ya Römerstadt mkononi, utembee kuanzia kilele hadi bondeni, uandike mahali ramani hizo mbili zinapofanana na mahali zinapoachana. Kisha uniandikie tena.